Kilo Mbili za Maji

Mizani ilisema kilo ishirini na tatu za majani ya chai. Ajwang aliiona kwa macho yake kabla Seth, karani wa mizani, hajasogea kuikinga kwa kiwiliwili chake. Kisha Seth akafanya alichokifanya kila siku ya Mungu: akamgeukia mwenzake mwenye mashine ya kadi, akamwonyesha vidole viwili vikielekea chini. Toa mbili. Mbili za maji.

“Maji gani, Seth? Haijanyesha tangu Jumapili.”

“Umande, mama. Mwingine!”

Ilikuwa saa nne unusu na jua lilikuwa linachoma utosi, lakini umande, eti, bado ulikuwa umejificha ndani ya vikapu vya wanawake wote wa zamu ile. Kilichobadilika ni kimoja tu. Siku hizi Seth alivionyesha vidole vyake chini ya meza, harakaharaka, kama mtu anayejikuna. Alikuwa na sababu. Nchi nzima ilikuwa ikivicheza.

Mambo yalianza kwenye harusi moja kule Roret. Ajwang, mtu wa upande wa ziwa aliyechuma chai Kericho miaka kumi na tisa, alipandwa na mori wa muziki. Akafanya kama wafanyavyo kwao: ngoma ikinoga, mtu hudakia katikati akatupia majigambo yake na ya rafiki zake. Akagonga kreti ya soda na kudakia, “Hata jua likiwaka, chai yangu ina maji! Toa mbili, karani, toa mbili!” Akashusha vidole viwili na kiuno kikafuata. Wachumaji wote waliokuwa harusini wakaanguka kwa kicheko. Weldon, aliyekuwa akipiga muziki siku ile, hakucheka. Alimwita studioni kwake, chumba kilichotandikwa blanketi ukutani nyuma ya duka la mbolea, akamwambia aje na kikapu chake na ule ufito wa kupimia usawa wa michai. Uti wa mgongo wa wimbo ule, ukiusikiliza vizuri, ni ufito ukigonga kikapu.

Wiki sita baadaye hapakuwa na harusi wala soko, kuanzia Bomet mpaka Nairobi, ambako “Toa Mbili” haukulia. Watu waliununua na kuuweka kwenye simu zao, uwaimbie wanaowapigia. Redio ziliupiga asubuhi, mchana na jioni. Watu wa mjini waliamini ni wimbo wa mapenzi, ati maji ni machozi. Ajwang hakuwasahihisha. Wacheze tu.

Shambani hawakuamini hivyo. Tangazo lilibandikwa kwenye shedi ya mizani: NI MARUFUKU KUPIGA AU KUIMBA WIMBO HUO NDANI YA SHAMBA. Jina la wimbo halikuandikwa. Nani hakulijua?

“Ajwang! Ofisini,” nyapara akaita kabla Ajwang hajarudi kwenye mistari ya michai.

Chelimo, aliyechuma naye mstari mmoja miaka yote, alimshika mkono. “Usisaini kitu hujasoma. Na ukisoma, pia usisaini.”

Njiani Weldon akapiga simu, akipiga kelele kama kawaida yake. “Mathe, ngoma imeshika! Watu wa soda wanaitaka kwa tangazo lao!”

“Na pesa?”

“Mwisho wa robo mwaka, mathe. Vumilia.”

Robo mwaka! Mpaka sasa alichovuna Ajwang kwa umaarufu wake ni salamu. Alichokuwa nacho mkononi ni kadi ya kazi, na chumba kimoja na jiko katika nyumba za kampuni, ambamo alimlea binti yake Beverly peke yake mpaka akaingia chuo. Kazi ikienda, chumba kinaenda siku hiyohiyo. Hilo lilimkaa kifuani njia nzima mpaka mlango wa ofisi.

Bwana Kipyegon, afisa wa wafanyakazi, alikuwa mtu wa sauti ya upole. Alimpa kiti. Alimpa hata chai.

“Mama Beverly, tunajivunia wewe. Kweli kabisa. Lakini hapa kwa hii barua unasema tu hayo maneno ya mizani ulitunga, hakuna ukweli. Halafu huyo producer wako anaondoa huu wimbo sokoni, anarekodi mwingine bila hiyo vidole.”

“Na nikikataa?”

“Sijasema utakataa. Lakini nyumba ni ya wafanyakazi wenye nidhamu. Unanielewa.”

Ajwang alimwelewa vizuri sana. Aliiangalia kalamu. Akaufikiria mlango wake wa bluu, na godoro, na mahali pa kulipeleka godoro lile, na hakupapata. Aliogopa. Mkono wake uliichukua kalamu.

“Ngoja tusikie wakili wetu wa Nairobi, akueleze hakuna ubaya,” Kipyegon akasema. Akabonyeza namba, akaweka simu kwa spika katikati ya meza.

Simu haikulia ngriii. Ufito uligonga kikapu mara tatu, kisha sauti ya Ajwang mwenyewe ikajaa ofisini: Hata jua likiwaka, chai yangu ina maji! Toa mbili, karani...

Kipyegon aliinyakua simu, akabonyeza huku na huku, sauti ikazidi badala ya kuzima. Ajwang alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye ile barua. Kilikuwa kicheko cha kweli, na hofu yake ilitoka nacho.

“Mwambie wakili aanze yeye kuutoa kwa simu yake,” akasema, akirudisha kalamu mezani. “Halafu mniite.”

“Tutakuandikia barua, mama.”

“Andikeni. Na ile kilo mbili pia mwandike ni ya nini.”

Saa nane mvua ilinyesha, ile ya Kericho isiyobisha hodi, ikawalowesha wachumaji mpaka chupi. Walipopanga foleni kwenye shedi, habari za ofisini zilikuwa zimeshafika mistari yote. Hakuna aliyeimba. Tangazo lilikataza kuimba, nao waliliheshimu.

Ajwang akatundika kikapu chake kinachochuruzika. Mizani ikasema ishirini na sita. Seth akageuka, mkono ukaanza kushuka chini ya meza.

Nyuma ya Ajwang, Chelimo aliinua vidole viwili juu, kimya. Aliyemfuata akainua. Foleni nzima ikainua, mpaka kule mwisho kwenye mvua, na fito zikaanza kugonga vikapu, polepole.

Seth aliwatazama. Akatazama vidole vyake mwenyewe. Kisha akautia mkono mfukoni.

“Ishirini na sita,” akamwambia mwenzake.

Barua huenda ingekuja kesho, au keshokutwa. Lakini siku hiyo, mvua ikiwa imenyesha kweli, chai ya Ajwang haikuwa na maji.