Amina ya Kwenye Beseni

Sala ya Kipaza kabla ya kula ilikuwa ndefu kiasi cha mchuzi kuganda. Jina hilo alipewa na majirani, maana akimwita Mungu sebuleni, fundi viatu wa mtaa wa pili anavua kofia. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, alikuwa ameacha kumsikiliza zamani. Midomo ilicheza tu, kichwani anakata kola.

Na kama ni dharau, alikuwa nayo ya kutosha na ya kugawa. Mwanamume gani huyu, anahubiri kuhusu kuwatunza wazazi, na mama yake mzazi aliye chumba cha nyuma hajawahi kumnawisha hata uso? Bibi wa watu alikuwa amepoteza kumbukumbu. Alisahau majina, alisahau choo kilipo. Aliyemwogesha kila asubuhi ni mkamwana.

Kumwogesha kulikuwa na utaratibu wake. Maji yakimgusa tu mikono, mama mkwe alidhani ananawa ili ale. Anakunja ngumi, anafumba macho: "Bwana, asante kwa chakula hiki. Na wasio nacho uwakumbuke." Kisha anasubiri. Asipojibiwa amina, ngumi hazifunguki, hata umbembeleze vipi. Basi mke wa Kipaza alijibu ili mambo yaende. Kwake amina ilikuwa kitu cha kazi tu, kama sabuni.

Jumapili ile mchungaji na wazee wa kanisa walikuwa waje kunywa chai, wamwangalie Kipaza kama anafaa kuwa mwenyekiti wao. Alitoa amri huku akifunga tai.

"Mama akae ndani, mlango ufungwe. Sitaki aibu."

"Aibu ya nani, baba watoto?"

"Nimeshasema."

Mkewe hakubisha. Ila aliapa moyoni: mama akifungiwa leo, yeye na Mungu wa Kipaza ndiyo kwaheri, hata midomo hataichezesha tena. Kipaza akaufunga mlango kwa mkono wake, ufunguo akauacha kwenye kitasa.

Wageni walipoketi, alisimama kusali. Alikuwa bado anaziombea nchi za mbali pale mama yake alipoanza kuita na kugonga ukuta. Kipaza akapandisha sauti. Mama naye akapandisha yake, na wageni wakajua kipaji kimetoka wapi.

Mkewe akaenda kufungua. Mama mkwe alikuwa amejichafua, shuka hadi godoro, analia kwa aibu. Mke wa Kipaza akavuta shuka kando. Akatia maji kwenye beseni, kisha akarudi hadi mlango wa sebule, mikono imelowa.

"Baba watoto, njoo unisaidie na mama."

"...Na uwakumbuke wagonjwa wote, ee Bwana..."

"Anza na huyu wako. Njoo!"

Mchungaji akafumbua jicho moja. Kipaza akaenda, si kwa upendo, bali kwa kukosa pa kukimbilia. Alishika jagi kwa vidole viwili. Maji yakamiminika, ngumi zikakunjwa.

"Bwana, asante kwa chakula hiki. Na wasio nacho uwakumbuke."

"Mama, hiki si chakula, unaogeshwa!"

Ngumi hazikutikisika.

"Sema amina," mkewe akamwambia. "Bila amina hafungui. Unalala nyumba hii hii, hujui?"

Kipaza akafungua mdomo, kisitoke kitu. Bingwa wa maombi, neno moja limemshinda! Mkewe alimtazama akitamani kumcheka mbele ya wazee wake wote. Hatimaye ikatoka, ndogo mno, "Amina," na ngumi zikafunguka.

Mama akamkagua kuanzia viatu hadi tai. "Huyu nani, mwanangu?"

"Mgeni, mama," akajibu mkamwana.

"Mgeni? Na mmempa chakula?"

Kipaza akapiga magoti, tai ikazama kwenye maji machafu, akalia kwa kwikwi. Mkewe hakumwonea huruma. Alikuwa na godoro la kusugua, na mume anayelia hasugui.

Alipomimina maji ya mwisho, mama mkwe akaanza tena kushukuru kwa chakula na kuwakumbuka wasio nacho. Safari hii hakukunja ngumi. Viganja vilikaa wazi ndani ya beseni, na hakuna aliyekuwa akidaiwa jibu.

"Amina," akasema mke wa Kipaza.