Mnara Katika Alizeti za Evodia

Evodia alikuwa amekata vichwa vya alizeti mistari saba, na wa nane ameufikisha nusu, mnara ulipotokea. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo jioni, mwanzoni mwa Mei. Ulisimama katikati ya shamba lake pale Ihanja, bara kabisa, mbali na pwani, mweupe wenye mikanda miwili myekundu, na nyuma yake ilikuwepo bahari. Giza lilipoingia vikaondoka vyote, bahari ikitangulia. Alizeti za pale zilibaki zimelala chini, na udongo umekuwa mweupe kwa chumvi.

Kesho yake jioni ukarudi. Keshokutwa pia.

Mwanzoni watu walidhani ni mnara wa simu. Walikuja wakainua simu zao kutafuta mtandao, wakaukosa, wakaenda zao wakinung'unika. Manase, jirani aliyewahi kubeba mizigo bandarini Tanga, ndiye aliyeutambua.

"Huu ni wa kuongozea meli," alisema. "Hapa umewekwa vibaya."

"Nani anauondoa?" Evodia aliuliza.

"Tanga ni watu wa bandari. Huku sijui."

Evodia akapanda bodaboda mpaka ofisi ya ardhi ya wilaya. Afisa aliyempokea aliitwa Raymond, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri. Alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Evodia akaeleza kwamba mnara unamlia shamba, kila jioni mistari miwili. Anaomba uhamishwe, na kama haiwezekani, apewe shamba lingine. Raymond aliandika yote, kisha akasema inatakiwa picha.

"Iwe ya jua linapozama, mama, maana ndipo unapotokea. Mnara uonekane wote, na shamba lionekane."

Picha ya kwanza aliipiga Calist, mwenye studio kando ya barabara kuu. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagota kwenye jiwe kubwa la mpakani, na bado ncha ya mnara haikuingia. Raymond aliitazama picha ile, akaitazama tena.

"Hauna kichwa, mama."

Jioni ya pili Calist alipanda juu ya jiwe. Lakini habari zilikuwa zimefika Issuna, na kutoka huko ikaja harusi nzima, gari tatu na matarumbeta. Wakajipanga mbele ya mnara, wazee kwenye viti, bibi harusi akishikilia shela isichukuliwe na upepo. Evodia aliwaambia wasogee, wanamkanyagia vichwa alivyokwisha kukata.

"Mama, tuvumilie kidogo," bwana harusi alisema. "Jua linatuishia."

Lilimwishia Evodia pia. Raymond alipoletewa picha alisema anaona harusi, tena nzuri, ila shamba halioni.

Evodia alirudi nyumbani akakaa kizingitini na viatu vyake. Ritha, mkamwana wake, alimletea maji ya kunawa. Yalipoa bila kuguswa.

Picha ya tatu ilipigwa siku ya mnada, watu wote wako huko. Mnara ulionekana wote. Jua lilikuwa limekaa juu ya maji kama kiini cha yai la kienyeji, na mbele alisimama Evodia, ameshika shina la alizeti lililovunjika, chumvi imempanda mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Hii sasa ni picha," Raymond alisema. Akaingia nayo kwa mkubwa wake. Alitoka saa nzima baadaye, na barua.

Barua ilisema eneo limethibitika kwa picha kuwa ni ufukwe. Ndani ya mita sitini kutoka majini hapalimwi wala hapajengwi.

"Lakini bahari yenyewe inakuja jioni tu," Evodia alisema. "Asubuhi ni shamba. Njoo uone."

"Sheria haikutaja saa, mama."

"Basi nipeni shamba lingine."

"Shamba lingine hupewa mwenye shamba. Wewe una ufukwe."

Aliomba arudishiwe picha yake. Raymond akasema imeshaingia kwenye faili, na wakubwa wameipenda kwa ajili ya kalenda.

Juma lililofuata walikuja wapimaji wawili. Walingoja jua lishuke, wakaanza kuvuta kamba ya mita sitini kutoka ukingo wa maji. Kamba ikapita kwenye alizeti zilizobaki, ikapita zizi la mbuzi, ikaingia jikoni kwa Evodia na kuishia kati ya mafiga na mtungi wa maji. Wakapigilia kigingi sakafuni. Mmoja aliomba radhi kwa kuchafua. Walikunywa uji wakaondoka.

Evodia na Ritha hawakuhamisha mafiga. Jioni ya Jumapili walikuwa wanasonga ugali wa uwele, maji yalipopenya chini ya mlango, membamba, yakiwa na povu kidogo. Ritha aliinua gunia la unga akalikalisha juu ya kinu. Maji yalisogea taratibu mpaka kwenye kigingi, yakakizunguka, yakasimama hapo.

"Mama," Ritha alisema, "yamefika hapa. Tuwapelekee habari?"

Evodia aliukandamiza ugali kwa mwiko, akaugeuza.

"Usiwaambie," alisema. "Watakuja na kamba tena."