Sinia la Hidrojeni

Kazini, kwenye kituo cha utafiti wa nyutroni, zile chembe za kiini cha atomu, walimwita Mama Bapa, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Miaka yote chombo cha kupunguza kasi ya nyutroni kilikuwa kinene kama ndoo. Yeye akashikilia vikaoni, mpaka watu wakachoka kumpinga, kwamba kifinywe kiwe bapa kama sinia. Ndani yake hupita hidrojeni iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi kali. Nyutroni huingia zimepagawa, zikapigana vikumbo na hiyo hidrojeni, zikatoka zinatembea kistaarabu. Ndoo ilizimwaga huku na kule. Sinia lingezibana ziwe mwali mwembamba, mkali.

Aliyeuhitaji mwali huo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwenye fuwele ndogo kama chembe ya mchanga aliyoikuza kwa taabu kama anayelea mtoto njiti, akitaka kuimulika ajue atomu zake zimepangwaje. Mkuu wa kituo hakuzunguka mbuyu: sinia likishindwa na ndoo, linang'olewa, na fuwele inarudi kabatini.

Siku ya majaribio mwali ukawashwa. Ukatoka hafifu kuliko ule wa ndoo.

Mkuu akajifanya anakagua viatu vyake. Mama Bapa alisubiri wifi aanze kumsema, maana huyo hata pazia likikaa upande nyumbani kwa kaka yake hakukawia kusema. Lakini wifi alikuwa ameinamia skrini.

"Futa machozi, wifi, hujafiwa," alisema. "Nyutroni zilizopungua ni za mwendo wa pole tu. Za kasi zipo tele."

Mama Bapa akasogea, akaona kweli. Umbo lingekuwa na kasoro, zote zingepungua. Basi kosa liko kwenye hidrojeni, ambayo ina hali mbili: ya fujo, inayozizuia nyutroni za pole njiani, na tulivu, inayoziachia zipite. Akamgeukia fundi wa baridi, akamuuliza kwa upole wa kujikaza kama anaipitisha kwenye kopo la kichocheo, lile la kuituliza.

Fundi akajikuna kisogo. Alikuwa ameizungusha pembeni ya kopo ili ipoe upesi, kama alivyozoea enzi za ndoo, na ndoo haikuwahi kulalamika.

"Ndoo haikuwa na makuu," alisema Mama Bapa. "Hili sinia langu lina maringo, fundi. Fungua vali ya kopo, ipite humo."

Ikafunguliwa, wakangoja. Mstari kwenye skrini ulijivuta kivivu, ukanyanyuka, ukaifikia alama ya ndoo, ukaipita kama haikuwepo. Wifi akaweka fuwele yake, na vidoa vya nyutroni zilizotawanywa nayo vikaanza kujitokeza kwenye skrini, safi. Mkuu akasema sinia libaki, akatoka haraka asionekane anacheka.

"Nakusifu hapa hapa," wifi alimwambia. "Nyumbani usinitegemee."

Mama Bapa alikuwa ameshavua viatu, ameegemea ukuta, anavitazama vidoa vikiongezeka, na njaa ya tangu asubuhi ndiyo kwanza inabisha hodi.