Babu Kofia wa Saa Nane

Katika daftari la miadi la kliniki yetu ya meno, saa nane mchana ilikuwa ya Babu Kofia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuja mwenyewe kwa ajili ya jino la nyuma. Jumanne na Alhamisi alikuja mkewe, Bibi Kofia, aliyekuwa akisumbuliwa na fizi. Nasema walikuja, lakini kwa miaka miwili hakuna aliyewaona mlangoni, kwa sababu hawakuwahi kuzaliwa. Aliyewatunga ni Bi Daftari, mama wa mapokezi, siku moja akinywa chai.

Alikuwa na sababu. Daktari wetu ana mkono mwepesi, na sijaona anayeng'oa jino vizuri kumzidi, nami nimemshikia vifaa miaka sita. Ila ana ugonjwa mmoja: mstari mtupu kwenye daftari unamwasha kama upele. Akiona dakika arobaini hazina mtu, anapiga simu mwenyewe kutafuta wa kuzijaza. Zamani tulikuwa tunafunga usiku, wagonjwa wamenuna, sisi hoi, naye analalamika kwamba watu hawajui kutunza muda.

Akina Kofia walipoingia daftarini, mambo yakanyooka. Mgonjwa akichelewa, umeme ukikatika, mtu akija shavu limevimba kama andazi, basi zipo dakika arobaini na tano za saa nane. Daktari akiuliza, "Babu Kofia yuko wapi?" Bi Daftari anajibu, "Amepiga simu, kapatwa na udhuru." Tukawa tunafunga saa kumi na moja kamili. Daktari akajipiga kifua. Aliwaambia hata madaktari wenzake kwamba siri ni kupanga. Mimi nilikuwa nasafisha vioo, nimeuma midomo nisicheke.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu moja Daktari aliamua kwamba mzee huyu amezidi, akachukua simu kumwonya mwenyewe. Namba ilikuwa daftarini. Akabonyeza. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Bi Daftari.

Ililia mpaka ikakatika. Daktari akapiga tena. Ikalia tena.

"Mama," alisema polepole, "Babu Kofia ni nani?"

Bi Daftari hakuzunguka. "Ni nafasi, Daktari. Nilikuwekea nafasi. Ukiiona tupu unaijaza."

"Umekuwa ukinidanganya miaka miwili?"

"Nimekuwa nikikuwahisha nyumbani miaka miwili."

Jibu hilo lilimchoma. Akachukua kalamu, akawafuta Kofia wote wawili, mume na mke, ukurasa baada ya ukurasa. Akasema likijirudia jambo hili, Bi Daftari atafute kazi kwingine.

"Sawa," alisema Bi Daftari. "Ila saa nane ya Ijumaa iache tupu. Ijumaa una harusi."

Harusi ilikuwa ya binti wa Daktari, mtoto wake wa pekee. Niseme wazi, maana sote tulijua: Daktari hakuwahi kuhudhuria jambo la mtoto huyo likaanza naye yupo. Mahafali alifika watu wakipiga picha za mwisho. Safari hii binti alikuja mwenyewe kliniki, akasimama mapokezi, hakutaka hata kukaa. Ndoa ingefungwa ofisi ya msajili, Ijumaa saa kumi alasiri. "Baba, sihitaji zawadi," alisema. "Nimekuwekea sehemu ya shahidi, usaini wewe. Saa kumi tu, Baba."

Kwa hiyo Daktari alimjibu Bi Daftari kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu. "Ijumaa namaliza saa tisa na nusu. Pale ni mwendo wa robo saa. Robo nzima inabaki!" Na saa nane ya Babu Kofia akampa mwalimu mmoja aliyekuwa na jino la kuziba.

Ijumaa ikaja. Saa nane na dakika kumi mwalimu yuko kwenye kiti, nusu ya uso imekufa ganzi, jino limekwisha kuchimbwa. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa fundi rangi, ameanguka kwenye ngazi, shati lina damu na rangi ya kijani, na mkononi ameshika kikombe cha maziwa. Ndani ya maziwa mlikuwa na jino lake la mbele.

Jino lililong'oka zima, hata likitunzwa kwenye maziwa, halingoji. Likirudishwa mapema hushika. Likicheleweshwa, basi tena. Daktari analijua hilo kuliko mtu yeyote, na namshukuru Mungu hakusita. Tulimtoa mwalimu akakae kwenye benchi, tukamlaza fundi rangi, jino likarudi mahali pake, likafungwa kwa waya. Tulipomaliza ilikuwa saa tisa na robo. Bi Daftari alikwisha kumrudisha nyumbani mgonjwa wa mwisho. Lakini mwalimu huwezi kumrudisha na shimo wazi mdomoni, na ganzi yake ilikuwa imeanza kuisha. Sindano upya, kungoja upya. Kila baada ya dakika mbili Daktari aliangalia saa ya ukutani. Shingo yote ilikuwa jasho.

Alitoka saa kumi kasoro dakika tano, mbio, na viatu vyeupe vya mpira vya kliniki. Bi Daftari alimtazama dirishani mpaka akakunja kona. Hakusema "nilikwambia." Mimi ningesema.

Mengine alinisimulia mwenyewe Jumatatu, akiosha mikono, bila kunitazama. Alifika saa kumi na dakika kumi. Kumbe kufunga ndoa pale ni dakika tisa, na kwenye benchi maharusi wengine walikuwa wanangoja zamu. Binti alikuwa amemwomba msajili asubiri kidogo, akaambiwa haiwezekani. Sehemu ya shahidi ilikuwa imesainiwa na bawabu.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Alinishukuru kwa kuja."

Nilikuwa na hasira naye toka Ijumaa. Hapo ikaniisha, nikamwonea huruma tu.

Siku hiyo Bi Daftari alipofungua daftari, saa nane ya kila siku ilikuwa na jina, kwa mwandiko mbaya wa Daktari: Baba wa Bibi Harusi. Mbele yake, namba ya simu ya Daktari mwenyewe.

"Huyu ni mgonjwa mpya?" aliuliza Bi Daftari.

"Mpya."

"Asipokuja?"

"Usimfute, Mama."

Kila saa nane alimpigia binti yake. Simu haikupokelewa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alikaa mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa, simu iko kwenye sinia la vifaa, nasi tukapita kwa kunyata kama kuna mtu amelala. Alhamisi saa nane akaja mama mmoja, shavu limevimba, machozi yanamtoka. Daktari aliitazama simu, akainuka, akanawa.

Alikuwa katikati ya kazi, mdomo wa mama yule umejaa pamba, simu ilipolia. Katika miaka sita sijapata kumwona akivua glavu na mdomo wa mtu ukiwa wazi. Akazivua.

"Mama, utaniwia radhi, dakika moja tu." Yule mama akaitikia kwa kichwa.

Sauti ya binti niliisikia ikitoka kwenye simu, ndogo, ya mtu anayejiandaa kukata. "Baba, uko kazini. Nakusumbua?"

"Hunisumbui, mwanangu," alisema Daktari, akavuta kigoda akakaa. "Nina nafasi."