Uzito wa Kijiti

Mwalimu wa fizikia aliwapa wanafunzi wake mbao, misumari na pipa la zamani, akawaambia waunde wenzo ambao mtu anaweza kuukalia. Kabla ya mapumziko ubao mrefu ulikuwa umelala juu ya pipa uwanjani, ukipanda na kushuka vizuri. Akawaeleza kwamba pande mbili zikilingana, ubao hutulia. Kisha akaanza kuwakalisha wawili wawili.

Zamu ya Kijiti ilipofika, upande wake ulishuka hadi chini, ukaganda hapo. Kijiti alikuwa msichana mwembamba kuliko wote, ndiyo maana wakamwita hivyo. Upande wa pili wakaongeza mwanafunzi, wakaongeza mwingine, mpaka nusu ya darasa wakawa wananing'inia kama popo. Ubao haukutikisika.

Mwalimu alihisi amechezewa. Aliwashuku wanafunzi kwamba wameupigilia ubao chini. Akainama, asione msumari. Akashuku mifuko ya msichana. Akakuta kipande cha sabuni.

"Umebeba nini, mwanangu?"

"Sasa hivi, mwalimu?" Kijiti aliuliza. "Sasa hivi sijabeba kitu."

Hapo mwalimu akaanza kushuku jambo jingine. Akamuuliza anaishi kwa nani. Kijiti akasema ni kwa shangazi yake, na kwamba asubuhi huamka yeye kwanza, huchota maji, hufua, humbeba mtoto wa shangazi mgongoni, halafu ndipo huja shule. Alisema hayo kama mtu anayetaja siku za wiki.

Shangazi aliitwa. Alifika amekunja uso, maana tangu getini alishuku kwamba mwalimu anachimba mambo ya nyumba ya watu. Alipoelezwa, akasema mtoto wa kaka yake anakula na kushiba, na huo uzito ndio ushahidi. Mwalimu akamwomba akae upande wa pili. Akakaa. Ubao haukujua kama kuna mtu. Upepo ulipopita, shangazi aliinuka kidogo, akashika ukingo asipeperuke, akaendelea kulalamika kwamba ameacha kazi zake.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake muda wote. Mwalimu wa fizikia akamwendea, akamweleza kwa sauti ya chini anachoshuku. Mkuu akamjibu kwamba ya nyumbani yabaki nyumbani. Halafu akauliza kama wenzo wa namna hiyo unaweza kuinua boriti za paa la darasa jipya, kwa kuwa mafundi walikuwa wanalalamikia migongo.

Mwalimu wa fizikia akachukua futi, akapima mahali ambapo Kijiti angekaa ili boriti zisiyumbe.

Boriti zilipanda moja baada ya nyingine, na mafundi wakamsifu msichana kwamba ana baraka. Shangazi alisubiri kivulini, mkono mmoja ameshikilia nguzo.

"Mkimaliza naye mnirudishie mapema," alisema. "Vyombo vya mchana bado havijaoshwa."