Pumu ya Munggo

Siku Munggo aliposhikwa kwa mara ya kwanza, Nang Pitang alipiga magoti palepale jikoni akamshukuru Mungu. Mbwa alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kula, tena kwa pupa kama anayefukuzwa, mara akasimama katikati ya sakafu, kainyoosha shingo mbele, kaitanua miguu, akaanza kuvuta hewa puani kwa mikoromo ya kukatika-katika. Kifua kilimpanda na kushuka, macho yakamtoka. Ilidumu kama nusu dakika hivi. Kisha akajilamba pua, akachungulia bakuli kama kuna punje iliyosalia, akaenda zake.

“Ameichukua!” Nang Pitang akapiga kelele. “Lirio! Njoo uone, Inday! Munggo ameichukua pumu yako!”

Lirio, mjukuu wake wa miaka saba, ambaye bibi alimwita Inday kwa kumdekeza, alitokea mlangoni na penseli mkononi. Alimtazama mbwa, akamtazama bibi yake. Hakucheka.

Mtaani kwao, pale mjini Iloilo, kila mtu aliijua habari hiyo, na hakuna aliyekumbuka kaisikia kwa nani: mtoto mwenye pumu mtafutie chiwawa, yule mbwa mdogo mwenye masikio makubwa kuliko kichwa, walale pamoja kifua kwa kifua, na taratibu ugonjwa utahama kutoka kwa mtoto uingie kwa mbwa. Nang Pitang alikuwa mtu wa kuamini haraka na kuamini kwa sauti kubwa. Mwanawe Marivel, mama yake Lirio, alikuwa Hong Kong akilea watoto wa watu, na kabla ya kuondoka alinunua mashine ndogo ya kuvutia dawa ya mvuke, akamwonyesha mama yake mara nne namna ya kuitumia. Nang Pitang aliitumia, lakini hakuipenda hata kidogo. Ilinguruma, na mtoto akimaliza alitetemeka mikono. Mbwa ana joto lake na hangurumi. Basi akaenda kumchukua kwa mama mmoja sokoni, wakamwita Munggo, yaani choroko, kwa jinsi alivyokuwa mdogo.

Habari za muujiza zilienea mtaani kabla ya chakula cha mchana. Jirani yao Nong Ambo, Nong ikiwa heshima ya mwanamume kama Nang ilivyo ya mwanamke, dereva wa pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni, alikuja kujionea mwenyewe. Kwa bahati Munggo alikuwa anakula, akamaliza, akashikwa.

“Nang, mbona hiyo ni kwikwi tu?” Nong Ambo akasema. “Lowesha uzi mate, mbandike kwenye paji la uso kama tunavyowafanyia watoto wachanga.”

“Kajibandike wewe mdomoni, huenda domo hilo likapona.”

“Na anavyofakamia! Utadhani ana watoto sita wanamngoja nyumbani.”

“Anakula kwa ajili ya wawili. Ugonjwa nao una njaa.”

“Basi kama ni pumu kweli, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kiumbe cha watu kinateseka.”

Hapo Nang Pitang akabadilika uso. “Atibiwe? Una wazimu? Huyu akipona, unafikiri hiyo pumu itakwenda wapi? Si itamrudia mwenyewe! Hapana, mwache aibebe. Mtoto akikohoa tu, nampandishia Munggo kifuani aimalizie yote.”

Alisema hivyo bila kupunguza sauti, na Lirio alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hatua tano tu kutoka hapo, akimkuna mbwa nyuma ya sikio. Angegeuza shingo tu, bibi yule, angeuona mkono wa mtoto ukisita. Hakuigeuza. Alikuwa na ushindi wake, na mtu mwenye ushindi huwa hana haja ya kutazama nyuma.

Wiki iliyofuata aliifunga ile mashine kwenye kitambaa akamkopesha binamu yake wa kisiwani Guimaras, ambaye mumewe alikuwa na mapafu mabovu. Marivel alipopiga simu Jumapili, aliambiwa mtoto hajambo, mzima kama chuma. Habari za mashine hakuambiwa.

Na kweli Lirio hakusikika tena akikohoa. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, Nang Pitang akawa anawahubiria wanawake wenzake kanisani. Mambo mengine aliyaona, maana yalikuwa mbele ya macho yake. Mtoto hakukimbizana tena na wenzake. Aliomba kulala mkekani karibu na dirisha, kampa mbwa kisogo. Alikuwa akitoka mara kwa mara kwenda nyuma ya nyumba, eti kuwaangalia kuku. Nusu ya wali wake alimmiminia Munggo. Bibi alisema mtoto anakua, anapata akili, ana huruma. Alijisifu hata kwa hilo.

Mwezi wa sita mvua zilipoanza, ofisi ya mtaa ikatangaza siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Lirio alisema atabaki nyumbani, ana kazi za shule. Nang Pitang akamkwapua Munggo akaenda peke yake. Foleni ilikuwa ndefu, mbwa wanabweka, wenye mbwa wanabweka zaidi. Mtu mmoja akadondosha kipande cha samaki wa kukaanga. Munggo hakukitafuna, alikimeza kizima, na papo hapo akashikwa.

“Kichaa!” mtu akapiga yowe, na watu wakarudi nyuma kwa kukanyagana.

Daktari wa mifugo, msichana mmoja aliyeitwa Doktora Kintanar, hakurudi nyuma. Alichuchumaa, akampapasa mbwa kooni polepole kuelekea chini, akamziba matundu ya pua kidogo tu. Munggo akameza mate. Ikaisha.

“Chafya hii, Nang,” akasema. “Imegeuka njia tu, badala ya kutoka inaingia. Mbwa wadogo wanayo sana. Akifurahi mno inamjia, akifakamia chakula inamjia. Inatisha kuitazama, lakini haina neno.”

“Si pumu?”

Doktora akaweka kipimo kifuani kwa mbwa, akasikiliza kwa makini. “Mapafu mazima kabisa. Una lile bati la kuokea vikeki, lenye vishimo? Mgawie wali humo, kidogo kidogo kila kishimo, ashindwe kumeza yote kwa mkupuo. Zikizidi au akitoka damu puani, niletee.”

“Lakini doktora, aliichukua kwa mjukuu wangu.”

“Alichukua nini?”

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na foleni nzima ikafuata. Siku nyingine Nang Pitang angewapa majibu yao mmoja mmoja hadi waombe radhi. Siku hiyo aliwaza jambo moja tu. Kama pumu haikuwa kwa mbwa, ilikuwa wapi miezi yote hii?

Hakungoja sindano. Aliondoka na mbwa kwapani, ndala moja ikabaki kwenye tope, hakuirudia. Nyumbani daftari lilikuwa wazi mezani, mtoto hayupo. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Lirio alikuwa amechuchumaa kando ya banda la kuku, mabega yamepanda hadi masikioni, uso ameuzika kwenye taulo lililokunjwa mara nne ili sauti isitoke. Bibi alipomwinua uso, midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba. Mtoto alimwona mbwa kwapani mwa bibi yake, akanyoosha mkono kumsukuma.

“Lola,” akamwita bibi yake, neno kwa neno, “usimweke... Munggo.”

Sijui Nang Pitang alipiga kelele gani, ila Nong Ambo aliisikia juu ya mvua na juu ya injini. Alikuja na pikipiki yake hadi ndani ya bustani, akapita juu ya mboga. Nang Pitang alimkumbatia mtoto ndani ya kile kigari, akawa anapumua kwa nguvu kana kwamba angeweza kupumua kwa niaba yake.

Hospitalini walimvisha kibarakoa cha mvuke, na ilipofika alasiri rangi ilikuwa imemrudia. Daktari aliuliza mara ya mwisho walitumia mashine lini. Nang Pitang akasema mwezi wa tatu. Daktari aliandika, akaondoka bila kumkemea. Afadhali angemkemea.

“Tangu lini, Inday?” aliuliza walipobaki wawili.

Lirio akashusha kibarakoa kidogo. “Tangu uliposema na Nong Ambo. Nikikohoa unamweka kifuani, halafu yeye anashikwa. Nikaona nibaki nayo tu mwenyewe.” Akavuta pumzi. “Munggo mdogo, Lola. Mimi ni mkubwa.”

Nang Pitang akalia, na hakujificha. Alimwambia kila kitu: chafya iliyogeuka njia, samaki, bati la vikeki, na kwamba mbwa hajawahi kuugua pumu hata siku moja. Alisema yeye ndiye mjinga, si mwingine. Mtoto alimsikiliza hadi mwisho.

“Unasema hivyo ili nisimwonee huruma,” Lirio akasema, akarudisha kibarakoa.

Marivel alipiga simu jioni ile. Nang Pitang alimweleza yote bila kujitetea. Kisha mwanawe akauliza swali moja tu.

“Mama, mashine iko wapi?”

“Guimaras,” akajibu. Hajawahi kutamka neno zito kama hilo, na ni jina la kisiwa tu, kinachoonekana ukisimama bandarini.

Mashine ilirudi siku ya pili, ikawekwa mezani, haikuondolewa tena. Munggo naye sasa anakula kwenye bati la vikeki, analamba kishimo kimoja baada ya kingine kwa hasira, na chafya zake zimepungua. Hazijaisha.

Asubuhi moja, mtoto akijiandaa kwenda shule, chafya ilimjia tena Munggo. Nang Pitang akachuchumaa, akampapasa koo kama alivyofundishwa. Alipoinua macho alimwona Lirio amesimama kando ya meza, begi mgongoni, midomo kaifumba, mashavu yamejaa, amebana pumzi.

“Pumua, Inday,” akamwambia. “Si yako hiyo. Nimekwambia mara ngapi? Si yako.”

Mtoto alimtazama mbwa kwanza. Alisubiri mpaka Munggo alipotulia kabisa, ndipo akapumua.