Nailoni Juu ya Wali

Mchinjaji alipolipasua tumbo la yule ng'ombe, kisu kiligota. Alidhani amegonga mfupa, lakini tumboni hakuna mfupa, na hilo hata sisi tuliokulia kwenye samaki tulilijua. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akavuta, akavuta tena huku akimtaja Mungu, na kikatoka kitu cha kijivu, kikubwa kuliko kichwa cha mtu, kimeshikamana na kuchuruzika maji ya kijani. Akakitupa majanini. Watu waliokuwa wakisubiri nyama wakarudi nyuma, kisha wakasogea tena, maana nyama ni nyama.

Mwenye ng'ombe alikuwa Nkwabi, Msukuma mrefu na mpole aliyehamia bondeni na mifugo yake miaka michache kabla. Kwa miezi mingi alikuwa amemnywesha ng'ombe yule kila dawa aliyoijua, na ng'ombe akazidi kukonda huku anakula. Sasa alichuchumaa, akalichokonoa lile donge kwa fimbo, likafunguka tabaka kwa tabaka kama kabichi. Ilikuwa mifuko. Rambo nyeusi, rambo za mistari, nyuzi za magunia ya salfeti, na katikati yake vipande vya nailoni nyeupe, vingi, vyote vimekatwa duara.

"Ng'ombe anapenda chumvi, mayu," Nkwabi alimwambia mama yangu, aliyekuwa amesimama karibu naye na beseni la kuwekea utumbo. "Alikuwa anakula, anashiba, kumbe anakufa njaa."

Mama aliinama. Alikuwa anavitazama vile vipande vya duara. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe chini ya mbavu za kulia, mahali palipokuwa pakimuuma tangu Kwaresima, na pale pale nikajua anachokiwaza. Vile vipande tulivikata sisi.

Itabidi nieleze habari ya wali, la sivyo mtu atadhani mama yangu alikuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Hakuwa hivyo hata kidogo.

Kivukoni ya miaka ile haikuwa na daraja. Kulikuwa na pantoni, na pantoni ile ilikuwa na tabia zake, leo nzima, kesho mbovu, keshokutwa nzima lakini dereva wake haonekani. Mabasi ya Mahenge yalifika, yakazima injini, abiria wakashuka na njaa zao. Hapo ndipo sisi mama ntilie tulipopata riziki. Mchele wa Ifakara hauhitaji kusifiwa na mtu, harufu yake inatangulia kusema. Shida yetu ilikuwa kupoa. Unapika pantoni ikiwa ng'ambo, na mpaka ivuke, ikwame, ijikwamue, wali umeshapoa na kushikana, na msafiri anaweza kuvumilia vumbi, mashimo na dereva mlevi, lakini sahani ya wali baridi atairudisha na maneno juu.

Bibi zetu walifunika wali kwa jani la mgomba, wakaweka mfuniko, wakapalia makaa juu. Jani ni zuri, lakini linakauka na kuchanika, mvuke unapotea. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwetu pale ukingoni, kuchukua nailoni ya ndani ya mfuko wa sukari, akaikata duara la ukubwa wa mdomo wa sufuria, akailaza juu ya wali wenyewe na kuibana pembeni. Haikutoka hata pumzi. Wali uliiva kwa maji kidogo na makaa machache, ukabaki wa moto pantoni ije, iende, irudi. Nailoni yenyewe ilinywea. Pembezoni ililegea na kuganda kwenye ukoko, na ukoko ule ulikuwa unameremeta kama uliopakwa mafuta. Tuliugombania mimi na watoto wa jirani, tukautafuna kwa kelele. Nailoni ikishatoboka tuliitupa bondeni nyuma ya vibanda, pamoja na mifuko ya abiria, tukakata nyingine.

Mama hakuwa mchoyo. Kizuri kula na nduguyo, alisema, na aliyaishi maneno hayo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Wa kwanza kufundishwa alikuwa Digna wa kibanda cha pili, mjane mwenye watoto kama vifaranga, ambaye wali wake ulikuwa ukimdodea kila siku. Kisha wakafundishwa wengine. Mwaka wa mvua za El Nino, mto ulipofura na pantoni ikafungwa kamba kwa majuma, watu walilala Kivukoni, wakala Kivukoni, wakazaa Kivukoni, na hapakuwa na sufuria pale ukingoni isiyokuwa na nailoni chini ya mfuniko. Mama alipita katikati ya mioshi ile akiwa ameinua kichwa. Nilimwonea fahari. Nikiukumbuka mwendo wake wa siku zile, nasikia uchungu mpaka leo.

Asubuhi ya pili baada ya kuchinjwa ng'ombe wa Nkwabi, mama alikata majani ya mgomba nyuma ya nyumba, akayababua kwenye moto yalainike, akafunikia sufuria. Akaweka mfuniko, akapalia makaa juu. Pantoni ilichelewa kama kawaida yake. Abiria wa kwanza alionja, akasukuma sahani.

"Mama Rose, leo vipi? Huu ni kiporo?"

Kabla ya juma kwisha, benchi letu lilikuwa tupu na la Digna limejaa mpaka watu wanakula wamesimama. Mama hakuonekana kulijali benchi. Jambo moja tu lilimkaa moyoni, kwamba wanawake wale wote walikuwa wanafanya kitu alichowafundisha yeye. Jioni moja alivaa khanga yake safi, akaniambia nimfuate, tukaenda kibanda cha pili.

"Digna," alisema, "acha nailoni."

Digna alikuwa anaosha masufuria. Alicheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. "Niiache, nifunike na nini? Na kitenge changu?"

"Hukuona kilichotoka kwa yule ng'ombe?"

"Ng'ombe alikula mifuko yenyewe, dada. Mimi nauza wali."

"Ukiiweka inakuwa kubwa, ukiitoa imepungua. Ile inayopungua inakwenda wapi?"

Digna aliacha kusugua. Nilidhani limemwingia. Lakini alimtazama mama kuanzia khanga yake safi mpaka benchi letu tupu kule nyuma, na uso wake ukabadilika.

"Ulitufundisha ulipokuwa na wateja," alisema polepole. "Leo wateja wako huku, nailoni imekuwa sumu. Si ungesema tu unawataka wateja wako, dada yangu? Ningekugawia."

Mama alijifunga khanga yake upya, akageuka. Tulirudi nyumbani. Nilimchukia Digna jioni ile, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu yeyote aliyekuwa pale angemwona ana haki. Mama alijaribu kwa wengine, kibanda kimoja baada ya kingine, na kila alikokwenda alikuta maneno ya Digna yamekwisha kufika. Wakawa wanampokea vizuri, shikamoo dada, marahaba, karibu kiti, halafu akigeuka wanakonyezana.

Maumivu yakazidi. Alianza kukataa chakula, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa upande mmoja kama la mjamzito. Mjomba Sebastiani, kaka yake, alimpakia mama kwenye baiskeli yake, mimi nikafuata kwa nyingine, mpaka hospitali ya mjini. Daktari alikuwa kijana, mwenye mikono ya taratibu na adabu za nyumbani. Alimbonyeza mama kwa muda mrefu, akampima kwa mashine, akavuta kiti akakaa karibu naye kabisa, na nilipomwona anavuta kiti nikajua.

"Mama, kuna uvimbe kwenye ini. Umekuwa mkubwa. Hatuwezi kuukata."

"Ni nailoni?" mama aliuliza.

Hakucheka. Nitamshukuru daima kwa kutocheka. Mama alimweleza kila kitu, sufuria, ukoko, ng'ombe, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, mama. Mtu akimeza nailoni inapita, inatoka. Haikai mwilini."

"Umewahi kumpasua mtu ukatazama?"

"Nimepasua watu wengi." Akafikiri kidogo. "Sikuwa naitafuta hiyo."

Siku hizi redio inasema wataalamu wameitafuta, na wameiona. Vumbi la plastiki, dogo kuliko jicho linavyoweza kuona, kwenye damu ya watu, kwenye mapafu, kwenye maziwa ya mama. Huwa nazima redio. Sisemi ndicho kilichomuua mama yangu. Ini lina maadui wengi, na hata hao wataalamu wanasema bado hawajui kinafanya nini humo ndani. Sijui mimi, hawajui wao, na mama alikwenda bila kujua. Huko kutojua ndiko kulikomtafuna kuliko uvimbe.

Maana alipolala kitandani kwa ugonjwa hakuzungumzia tena kupona. Alikuwa na ombi moja, na alilitoa mbele ya mjomba Sebastiani ili lisije likakanwa.

"Nikifa, mnipasue. Daktari atazame. Kama imo, Digna aitwe aone, na wengine wote waone. Kama haimo, mwambieni nimemwomba radhi, aendelee na wali wake."

Mjomba alisimama kama aliyeketi juu ya kaa la moto. "Agnetha! Mtu si ng'ombe."

"Si ng'ombe," mama alikubali. "Lakini tumekula kitu kimoja."

"Dada yangu hatapasuliwa watu wakitazama. Nitawaambia nini ndugu zetu kule ng'ambo? Kwamba nilimchuna?"

Mama alinigeukia mimi. Nikamwahidi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na katika nyumba ile ahadi yangu haikuwa na uzito wowote, lakini niliitoa kwa moyo wangu wote. Nilikwenda kwa miguu mpaka mjini kumuuliza yule daktari. Aliniambia inawezekana, wenye mwili wakikubali. Mwenye mwili alikuwa mjomba. Nilimpigia magoti, nikamletea maji ya kunawa, nikalia, nikamkasirikia mpaka nikamjibu vibaya, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alinisikiliza akiwa ameinama. Alikuwa anampenda mno dada yake, na kwa sababu hiyo hapakuwa na njia ya kumshinda.

"Atazikwa mzima," alisema, na yakaisha.

Mama alikufa wakati wa mavuno, mpunga ukiwa umeanikwa kila uwanja. Digna alifika kabla ya wote. Alilia kilio cha kweli, akajigaragaza, akaomba awe miongoni mwa watakaomwosha. Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilimwona alipofika tumboni akiacha kitambaa, akaweka kiganja, akabonyeza, akabonyeza tena pembeni, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Alikaa hivyo mpaka shangazi mmoja akamgusa bega. Alipouinua uso, tulitazamana. Nilisubiri aseme. Akachukua kitambaa akaendelea kuosha.

Maziko yalikuwa alasiri, lakini ndugu wa mama wengi walikuwa upande wa Mahenge, na pantoni, kama ilivyokuwa desturi yake, ilikuwa imeharibika. Tukaambiwa inatengenezwa. Wanawake wakainjika sufuria za msiba, kubwa, za kuazima kanisani, na kwa kuwa hakuna aliyeujua wali kama Digna, yeye ndiye aliyeshika mwiko. Mimi nilikuwa nimekata majani ya mgomba tangu alfajiri. Nilikuwa nimeyababua yote, nikayapanga karibu na mafiga. Hilo lilikuwa ndilo jambo pekee lililobaki mkononi mwangu.

Hayakutosha mdomo wa zile sufuria. Digna alijaribu, hilo nalisema kwa haki. Alilaza moja, akaunganisha na la pili, la tatu likachanika, mvuke ukapenya katikati. Akajaribu tena na mengine. Watoto walishaanza kulia njaa. Mjomba Sebastiani alipita akauliza kama wali utakuwa wa moto watu watakapovuka, akaenda zake bila kusubiri jibu.

Digna akaenda kibandani kwake, akarudi na nailoni, mpya, pana, bado ina sukari kwenye mikunjo. Akaikung'uta. Alisimama mbele yangu akiwa ameishika upande mmoja, nusu yake ikining'inia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Rose, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wote hawa. Tuwape wali baridi, msibani kwa Agnetha?"

Nilitazama ng'ambo. Ndugu za mama walikuwa wamejaa ukingoni juani, wengine wamekaa juu ya mizigo, wanawake wamebeba watoto mgongoni, wamekuja kutoka mbali na hawajala. Nikageuka kuelekea nyumbani. Nilimtafuta mama anisaidie, na mama alikuwa ndani, ameshonewa shuka, mzima kama alivyotaka kaka yake.

Nikashika upande wa pili. Tukailaza taratibu juu ya wali, tukaibana pembeni kwa vidole, jinsi mama alivyotufundisha.